Mizani ya Ulimi

Ulimi una kazi mbili kubwa katika maisha ya mwanadamu. Kwa kazi ya kwanza husema, na kwa kazi ya pili huonja. Juu ya kazi ya kwanza wahenga wameacha maonyo mengi, kwa kuwa neno likitoka halirudi, na ulimi hauna mfupa wa kuuzuia. Juu ya kazi ya pili maonyo ni machache. Mtu akisema kuwa mchuzi hauna chumvi, au chai haina sukari, aghalabu husadikiwa pale pale, kana kwamba ulimi wake ni mizani ya dukani iliyopigwa muhuri wa serikali. Walakini mizani ya ulimi haina jiwe lililo thabiti. Jiwe lake ni mazoea, na mazoea huongezeka na kupungua. Aliyezoea vijiko vinne hukiita kikombe cha vijiko viwili chapwa. Aliyezoea kijiko kimoja hukiita kikombe hicho hicho shira. Kikombe ni kimoja, sukari ni ile ile, na wote wawili husema kweli. Habari za mizani hiyo, na jinsi inavyogeuka mtu aachapo sukari, ndizo zitakazoelezwa hapa.

Yafaa kwanza kutazama lugha, maana lugha ni kumbukumbu ya ndimi nyingi. Katika Kiswahili neno tamu halikufungwa katika sukari. Mua ni mtamu, lakini hata mchuzi wa samaki uliokolea chumvi na ndimu ni mtamu. Maji ya kisima yasiyo na magadi wala chumvi huitwa maji matamu. Sauti ya mwimbaji ni tamu, na usingizi wa alfajiri ni mtamu. Kwa kitu kisichokolea kuna maneno chapwa na dufu. Kuna uchachu wa ndimu, ukali wa pilipili, uchungu wa shubiri, na ukakasi wa ndizi mbichi unaoukaza ulimi. Walioyaunda maneno haya walijua kuwa utamu wa chakula ni kukolea kwake, yaani kila kitu kufika mahali pake bila ya kupungua wala kupita. Sukari ilipozidi majumbani, utamu mmoja ulikalia kiti cha tamu zote.

Neno sukari lenyewe ni mgeni aliyesafiri sana. Asili yake ni sharkara ya Kisanskriti, na maana yake ya kwanza ni changarawe. Likapita Uajemi na Uarabuni hata likafika pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 miwa ililimwa kwa wingi kandokando ya Mto Pangani, na kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani katika 1888 na 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa huko. Basi utamu wa kinywa cha mmoja ulitoka katika uchungu wa maisha ya mwingine. Asiyekuwa na uwezo wa kununua sukari alipata utamu wake katika asali, ndizi mbivu, au mua wenyewe uliotafunwa kwa meno. Hata leo kahawa ya barazani hunywewa chungu, ikisindikizwa kwa kashata au tende. Uchungu una kikombe chake, na utamu una kipande chake, na hakuna unaofichwa ndani ya mwenzake. Chai ndiyo iliyougeuza mpango huo. Sukari iliyotiwa katika chai haionekani kwa jicho wala haitafunwi kwa jino. Hupita kooni kama mgeni asiyebisha hodi, na mwenye nyumba hasemi kuwa amepokea mgeni.

Hata hivyo kosa si la chai peke yake, kwa sababu mwanadamu hazaliwi na mizani tupu. Mtoto mchanga, kabla hajajua jina lake, hukunjua uso akitiwa tone la kitu kitamu, na hukunja uso akitiwa tone la kitu kichungu. Maziwa ya mama yana sukari yake, ipatayo sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo utamu ni mojawapo ya salamu za kwanza za dunia. Uchungu kwa upande wake ni dalili ya sumu katika mimea mingi, na ulimi huogopa kabla akili haijafikiri. Si viumbe wote waliopewa tunu ya utamu. Mwaka 2005 wataalamu walionyesha kuwa jeni moja kati ya mbili zinazojenga kipokezi cha utamu imeharibika katika jamii ya paka, toka paka wa jikoni hadi duma. Mbele ya kopo la sukari paka ni fukara, na fukara huyo hana habari ya ufukara wake.

Vitabu vingi vya shule vilifundisha kuwa utamu huonjwa kwa ncha ya ulimi na uchungu kwa shina lake. Fikira hiyo ilitokana na kazi ya Mjerumani David Hänig ya mwaka 1901, ambayo baadaye ilifahamiwa vibaya. Kwa kweli vinundu vya kuonjea vilivyotapakaa ulimini hupokea ladha za kila namna popote vilipo. Kila kinundu ni mkusanyiko wa seli zipatazo 50 hata 100, na seli hizo hufa na kufuatwa na nyingine kwa muda wa siku kumi hivi. Ulimi wa mwezi huu si ule wa mwezi uliopita, ingawa mwenye nao ni yule yule.

Mfano wa mambo haya ni mume na mke wa Ngamiani, mjini Tanga. Mume alikuwa fundi cherehani, mwenye miaka sitini na mitano, na mke alikuwa muuza vitumbua kwa zaidi ya miaka thelathini. Fundi alikunywa chai mara tatu kwa siku, na kila kikombe kilitiwa vijiko vinne. Vijiko hivyo kumi na viwili vilikuwa gramu 48 kwa siku, kabla ya kuhesabu kitumbua, soda wala halua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kutiwa isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo. Chai peke yake ilikuwa imemfikisha fundi mpakani.

Mwezi wa Juni 2023 daktari alimwambia kuwa ana kisukari. Katika mitaa watu hawatamki hata kiambishi cha neno hilo. Husema tu kuwa fulani ana sukari, kama asemavyo mtu kuwa fulani ana mali. Fundi alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa tangu siku ile chai yake itengwe.

“Haitatengwa,” mkewe akajibu. “Katika nyumba hii hapana birika la mzima na birika la mgonjwa. Tutakunywa moja.”

Neno lile lilikuwa la mapenzi, lakini kama itakavyoonekana mbele, mapenzi nayo yana gharama yake. Mke alichagua njia ya polepole. Kila baada ya wiki mbili alipunguza nusu kijiko katika kila kikombe, hata mwezi wa Oktoba hakikubaki kitu. Badala ya sukari alitia mchaichai, tangawizi na iliki. Wiki za kwanza zilikuwa za huzuni. Fundi alisema kuwa chai imekuwa maji ya moto yaliyovaa kanzu ya rangi. Alikunywa kwa kutii, si kwa kupenda, na mkewe alikunywa pamoja naye bila kulalamika, ingawa hakuwa mgonjwa, wala hakuamriwa na mtu.

Mwisho wa mwezi wa pili fundi alikwenda msibani mtaa wa pili. Chai ilipopitishwa alipeleka kikombe mdomoni, akakirudisha katika kisahani. Alidhani mpishi amekosea, akatia sukari mara mbili. Akawatazama waliokaa naye mkekani. Walikunywa kwa utulivu, na mmoja wao alikuwa akiuliza kama sukari imebaki ili aongezewe. Chai haikuwa na kosa. Ilikuwa kama chai ya misiba yote aliyowahi kuhudhuria. Kilichobadilika ni jiwe la mizani yake mwenyewe, nalo lilibadilika bila ya kumwarifu.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Kituo cha Monell cha Philadelphia, nchini Marekani, ambacho kazi yake ni uchunguzi wa ladha na harufu, kilitangaza mwaka 2016 matokeo ya jaribio la miezi mitano. Idadi ya watu waliojaribiwa haikuwa kubwa. Mwezi wa kwanza wote walikula kama kawaida yao. Kisha kundi moja lilipunguza kwa miezi mitatu sehemu 40 katika 100 za nguvu itokayo katika sukari, na nafasi yake ikajazwa na vyakula vingine. Kundi la pili halikubadili kitu. Kila mwezi walionjeshwa vyakula laini vya vanila vyenye viwango mbalimbali vya sukari, wakaulizwa utamu wake ni mkali kiasi gani. Ilipofika mwezi wa tatu wa kupunguza, waliopunguza waliona chakula kile kile kuwa kitamu zaidi kwa kadiri ya sehemu 40 katika 100 kuliko walivyoona wenzao. Mezani hapakuongezwa hata chembe ya sukari. Kilichoongezeka kilikuwa katika ndimi.

Bara Hindi kuna jani liitwalo gurmar, maana yake muua guru, na guru huyo ndiye aliyeipa sukari guru jina lake la pili. Jani hilo likitafunwa hufunga mlango wa utamu kwa muda usiopita saa moja hivi, na sukari ikitiwa kinywani katika muda huo huwa kama mchanga. Hapo neno hurudi kwenye asili yake ya changarawe. Lakini jani hufunga mlango, halimfundishi bawabu. Saa ikipita, mlango hufunguka na bawabu huwa yule yule wa kwanza. Kupunguza sukari siku baada ya siku ni kazi ya namna nyingine. Mlango hubaki wazi, na bawabu hujifunza kuwatambua wageni wadogo ambao zamani walipita bila kuonekana.

Wageni hao wadogo walikuwa wengi katika nyumba ya fundi. Machungwa ya Muheza, ambayo zamani aliyaita machachu akiyala baada ya chai, yalionyesha utamu uliokuwa umefunikwa. Maziwa yasiyotiwa kitu yalikuwa na utamu wa upole. Wali mweupe, ukitafunwa taratibu, uligeuka mtamu kabla ya kumezwa, kwa sababu mate huanza kuivunja wanga kuwa sukari pale pale kinywani. Kitunguu kilichokaangwa hata kikawa na rangi ya dhahabu kilikuwa na utamu, tui la kwanza la nazi lilikuwa na utamu, na hata karoti, ambayo kwa fundi ilikuwa pambo la pilau tu, ilipata heshima ya kuwa chakula. Iliki nayo ilitoka gizani. Miaka yote ilitiwa katika chai ya nyumba ile, lakini ilikuwa kama mtu anayenong'ona katika ngoma. Ngoma ilipotulia, mnong'ono ukasikika.

Hadi hapa habari hii ni ya faida tupu, na msomaji aweza kudhani kuwa ndiyo yote. Lakini kila mizani ikisogezwa upande mmoja, upande wa pili nao husogea. Mke wa fundi aliishi kwa ulimi wake. Kila usiku aliloweka mchele, na alfajiri akausaga, akachanganya na tui, hamira, iliki na sukari, akaliacha rojo liumuke. Sukari hakuipima kwa kipimo chochote. Alimimina, akakoroga, akachovya ncha ya kidole, akaonja, akaongeza hata ulimi ukasema imekolea. Kwa kauli hiyo ya ulimi alisomesha watoto na kuezeka nyumba. Wanunuzi wake walikuwa wanafunzi, wapanda bodaboda na watu waendao sokoni, na sinia lake lilikuwa tupu kabla ya saa mbili asubuhi.

Katika Oktoba ile sinia lilianza kubaki na vitumbua hata saa nne. Mke alishuku hamira, akanunua nyingine. Alishuku mchele, akabadili duka. Kisha akashuku husuda, kwa kuwa mtu akikosa sababu jikoni mwake huitafuta kwa jirani. Asubuhi moja mtoto wa shule alikula kitumbua mbele yake, akasimama kutafuna.

“Bibi, leo umesahau sukari?”

“Sijasahau, mjukuu wangu. Onja tena.”

Mtoto akaonja tena, akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Jioni ile mke alikwenda dukani kulipa deni. Mwenye duka alifungua daftari, akasema kwa mzaha, “Bi mkubwa, siku hizi sukari yako yakaa.” Daftari halikuwa na mzaha. Tangu miaka mingi kilo moja ya sukari ilimtosha kwa vitumbua vya siku mbili. Katika mwezi ule kilo moja ilimtosha siku tatu. Bila kukusudia wala kujua, alikuwa amepunguza thuluthi ya sukari ya watu. Mkono wake ulikuwa mwaminifu kwa ulimi kama ulivyokuwa siku zote. Ulimi ndio uliohama, na mkono ukaufuata.

Msiba wake haukuwa wa fedha peke yake. Mpishi akiambiwa kuwa ulimi wake hautegemeki ni kama mwalimu akiambiwa kuwa hajui kusoma. Alikaa kizingitini bila kuwasha jiko, akamwambia mumewe kuwa amemsindikiza katika ugonjwa hata amepoteza kazi. Fundi alinyamaza kidogo, akachukua futi yake shingoni.

“Mama watoto,” akasema, “mimi sijakata kanzu kwa jicho hata siku moja. Jicho huzoea. Futi haizoei.”

Asubuhi iliyofuata mke alichukua kopo, akapima nusu kilo ya sukari ya zamani, akatia alama ya msumari mahali ilipofika. Tangu siku ile rojo halikuonjwa kwa habari ya sukari. Lilipimwa kwa kopo, na baada ya wiki mbili sinia likarudi kuwa tupu mapema. Alibaki na ulimi wake kwa chai yake, kwa mchuzi wake na kwa iliki, ambayo sasa aliitambua kuliko zamani. Lakini juu ya sukari ya wengine aliacha kuwa hakimu.

Ndipo likaja swali zito zaidi, la dhamiri. Je, yafaa mtu kuwauzia wengine kile alichokiondoa katika kikombe cha mumewe? Wapo wangeshauri kuwa apunguze sukari ya vitumbua kidogo kidogo, kwa siri, ili ndimi za mtaa mzima zifundishike bila kujua. Kwa hesabu ya jaribio la Monell njia hiyo ina nguvu. Lakini mke aliikataa. Alisema kuwa mtu aliyelipa shilingi yake kwa kitumbua cha jana ana haki ya kupata kitumbua cha jana, na kwamba ulimi wa mtu ni mali yake. Aliweka sinia la pili, dogo, lenye vitumbua vya sukari nusu, akawaambia watu wazi wazi lipi ni lipi. Sinia lile dogo lilinunuliwa na wazee wachache. Hakuna aliyemsifu, na faida yake ilikuwa ndogo, lakini halikurudi na vitumbua nyumbani.

Ugumu mwingine ulikuwa katika ugeni. Majumbani mwingi chai huwekwa katika chupa ikiwa imekwisha tiwa sukari, na sukari hiyo ni heshima ya mgeni. Kuikataa ni kama kukataa mkono wa salamu. Fundi alipokwenda kwa dada yake akaomba maji badala ya chai, dada aliumia.

“Kaka, chai ya nyumbani kwangu imekuwa sumu?”

“Dada yangu, chai yako haina kosa. Ulimi wangu ndio ulioingia shuleni uzeeni.”

Dada alicheka, akamtilia chai kavu katika kikombe cha peke yake. Na tangu hapo heshima ya fundi katika nyumba ile ilijulikana kwa kikombe kisicho na sukari. Maana ya heshima si kijiko, bali ni kujua apendacho mgeni.

Mapema mwaka 2024, baada ya mvua kubwa kuzuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika Tanzania na bei yake ikapanda. Vitumbua vilipata shida, lakini chai ya fundi haikutikisika. Wazee wa mtaa walikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sukari ilipokuwa adimu madukani na watu walipanga mistari wakiingojea. Katika miaka ile kaya nyingi zilikunywa chai isiyo na sukari, na uji usio na sukari. Ikiwa kuacha sukari hugeuza mizani, kwa nini watu wale waliirudia kwa pupa mara ilipopatikana? Jawabu limo katika tofauti ya kunyimwa na kujinyima. Aliyenyimwa huhesabu siku za kurudishiwa, na moyo wake hukaa mlangoni mwa duka. Aliyejinyima amekwisha ondoka mlangoni. Ulimi wa mmoja na wa mwingine huenda ukafundishwa sawa, lakini mwenye ulimi hakufundishwa sawa.

Hapa pana sehemu ya jaribio la Monell isiyopendwa kutajwa. Waliopunguza sukari waliuona utamu kuwa mkali zaidi, lakini hawakuupenda kidogo kuliko zamani. Kiwango cha sukari walichokiona kizuri hakikushuka. Katika mwezi wa tano waliachiwa wale wapendavyo. Wakairudia sukari, na ukali walioupata ukatoweka. Habari ya chumvi ni tofauti. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1982, nao wa Marekani, ulionyesha kuwa watu waliopunguza chumvi kwa miezi kadhaa walikuja kupenda chakula chenye chumvi ndogo zaidi. Chumvi husahaulika, sukari hungojea. Wahenga hawakuwa na maabara, lakini walisema kuwa mchovya asali hachovyi mara moja.

Fundi alilipata somo hilo katika Idi ya mwezi wa Aprili 2024. Sinia la halua liliwekwa mbele yake, naye alikata kipande kidogo kama ukucha. Utamu ulimjaa kinywani hata akafumba macho. Ulimi ulisema yatosha, na ulisema kweli. Lakini mkono ulikuwa umekwisha rudi katika sinia kutafuta kipande cha pili. Mkewe hakusema neno. Alimtazama tu, na fundi akaurudisha mkono. Siku ile alijua kuwa kazi ya ulimi ilikuwa imekwisha, na kazi ya mkono ingali ikiendelea, wala haina Oktoba yake.

Haifai kumaliza kwa kuifanya sukari adui. Kopo la sukari lilibaki rafuni katika nyumba ile kwa sababu mbili. Ya kwanza ni riziki ya mke. Ya pili ni kuwa mtu anayetumia dawa za kisukari huweza kushukiwa na sukari ya mwili ghafula, akatetemeka na kutoka jasho. Na hapo maji yaliyotiwa sukari ndiyo yanayomwokoa. Kitu kile kile kilichokatazwa kikombeni huwa dawa mkononi. Kwa hiyo hekima haikai katika kukipenda kitu wala katika kukichukia, ila katika kukijua kiasi chake, na kiasi hakijulikani kwa kuuliza ulimi peke yake. Ulimi hujibu kwa kulinganisha na jana. Aliyekula tamu jana huambiwa kuwa ya leo ni chapwa, na aliyekunywa kavu jana huambiwa kuwa ya leo imezidi. Mizani ya duka hukaguliwa na watu wa vipimo kila mwaka. Mizani ya ulimi haina mkaguzi ila mwenyewe, naye hana budi kuwa na kopo lenye alama mahali fulani nyumbani mwake.